Mshono Usiofumuka

Mtaani walimwita Mama Kaza, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Miaka kumi na minne alikuwa akishona makava ya viti vya magari katika kibanda kilichobanana na gereji, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kava lililofumuka. Alishona mara mbili kwa uzi wa turubai, kisha akavuta mpaka kava likashika kiti kama ngozi. Kujisifu hakujisifu; kazi hiyo aliwaachia wateja, na wakizembea aliwakumbusha.

Asubuhi hiyo fundi bodi wa gereji alimletea kiti cha dereva kilichotolewa kwenye gari lililogongwa ubavuni. Upande wa mlangoni kilikuwa kimepasuka, na mfuko mweupe ulining'inia nje, umenywea.

Mama Kaza akaushika uzi wa kiwandani uliobaki pale, akauvuta. Ukakatika kwa vidole viwili. Akacheka mpaka akatafuta pa kushika.

"Huyu aliyeshona alikuwa na njaa? Uzi gani huu!"

"Umewekwa dhaifu makusudi, mama," fundi bodi akasema. "Huo mweupe ni mfuko wa hewa. Gari likigongwa ubavuni, unajaa kufumba na kufumbua, unapasua mshono, unakaa kati ya mbavu za mtu na mlango. Mwenye kiti hiki katoka na michubuko tu."

"Na mshono usipopasuka?"

"Basi mfuko unakwama ndani, au unachelewa. Mlango nao haumsubiri mtu."

Kicheko kikamkauka. Akauliza kama kila gari lina mfuko wa namna hiyo kitini. Si yote, aliambiwa, ila mengi ya siku hizi yanao, na huwa na kibandiko kidogo ubavuni mwa kiti. Mama Kaza alikijua kibandiko hicho. Mwezi uliopita alikifunika kwa kava, kwa mikono yake mwenyewe, kwenye gari la binti yake, tena akaongeza mshono wa tatu kwa mapenzi. Na binti huyo, mwenye mimba ya miezi saba, saa hiyo alikuwa njiani, safari ya masaa matatu, anakuja kupumzika kwa mama.

Hofu ikamvaa mwili mzima. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena na tena. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Mama, kuna nini? Nimeshika usukani, kuna lori hapa mbele..."

Akakata simu upesi. Alitaka kumwokoa mtoto, kumbe yeye ndiye anayemfanya aondoe macho barabarani. Hakuthubutu kupiga tena, wala kuandika ujumbe, maana ujumbe nao husomwa. Akakaa kwenye kile kiti kilichopasuka, simu mapajani, akiogopa ikiita na akiogopa isipoita. Kila breki iliyolia nje ilimkata maini. Fundi bodi alimletea maji, akayaweka chini.

Saa nane mchana gari likaingia. Mama Kaza hakusalimia. Alifungua mlango, akamtoa binti nje kwa mkono, akapitisha wembe ubavuni mwa kava.

"Mama! Umepatwa na nini? Kazi nzuri hivyo!"

"Nyamaza, mwanangu. Nimekosea. Nusura nikuue."

Akakata mishono yote mitatu huku akilia, akahamia kiti cha abiria, akakata na huko. Kisha akamkumbatia binti, tumbo na yote, akakataa kumwachia.

Binti alipolala kupumzika, Mama Kaza alifungua daftari la wateja. Kurasa zilijaa namba za simu na aina za magari, na namba ya kwanza aliikosea mara mbili. Mwanamume akapokea kwa furaha.

"Mama Kaza! Viti vyako, mpaka naliuza gari lile havijaachia hata uzi mmoja!"

"Umeliuza? Kwa nani?"

"Simjui hata jina, mama. Alikuja na mkewe na watoto wawili, wakavipenda viti, wakaondoka nalo siku hiyohiyo."