Mvalishe Koti

Jamani, leo nimemliza mama wa watu kwa picha niliyodhani ni kali kuliko zote.

Mnajua kazi yangu hapa Tabora mjini. Watu wanaleta pasipoti saizi ya marehemu, naikuza, naitafutia mandhari, wanaondoka na fremu ya kuweka kwenye arobaini ya msiba.

Huyu mama katoka Kaliua na treni. Kwenye picha mwanawe kavaa fulana tu. Nikambandika juu ya picha iliyopigwa kutoka angani: pwani ya volkano, mchanga mweusi, theluji, jua la baridi limelala chini kabisa. Nikaona kama peponi vile!

Mama akaitazama weee.

"Hii nyeupe ni nini, baba?"

"Theluji, mama. Kule kwenye baridi kali."

"Kuna nyumba?"

Nikavuta karibu. Hakuna hata moja.

"Sasa mwanangu umemwacha huko na fulana?"

Nikasema nabadilisha, naweka maua.

"Acha tu. Kwani huko aliko nani anapajua? Mvalishe koti."

Nyie mngefanyaje?

Nimemvalisha. Mama akafuta machozi, akasogelea kompyuta, akaniambia nifunge zipu mpaka shingoni.