Albamu Yenye Mapengo

Mimi sina subira, sikatai. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilimsumbua baba mpaka akauza maksai mmoja ili niende Mwanza kurekodi albamu yangu ya kwanza. Ilikuwa enzi za ruksa, serikali imelegeza masharti ya biashara. Studio za watu binafsi zimeanza, redio mpya zinapiga muziki wa vijana, na mimi nikajiona nimechelewa. Maksai walikuwa wawili tu. Akibaki mmoja plau haiendi, kwa hiyo msimu ule nyumba nzima ililima pamba kwa jembe la mkono. Mayu, yaani mama yangu, hakunigombeza. Aliacha tu kusema nami, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuimba, bila kukusudia. Kwetu Dutwa watu wakipalilia pamba kwa kikundi, mmoja hutoa wimbo na wengine huitikia, majembe yakishuka pamoja. Mtoa wimbo alikuwa mayu.

Basi studio nikaimba ninavyojua: mstari mmoja, kisha nanyamaza. Fundi mitambo akasimamisha kanda.

"Dada, mbona unakatisha?"

"Hapo wanaitikia."

"Nani?"

Nikatazama kile chumba. Tulikuwa wawili. Akacheka, akasema mapengo atayajaza kwa kinanda. Nikawaka: wimbo ni wangu, yaache! Kusema kweli niliona aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali. Akayaacha. Nyimbo nane, zote na mapengo yake, ngoma ya mashine tu ikidunda humo.

Mwenye duka la kanda pale Bariadi mjini aliipiga kwenye spika mara moja. Wateja wakaangua kicheko. "Huyu binti kasahau maneno?" Akanirudishia boksi langu la kanda hata halijafunguliwa vizuri. Loo! Nililifunga nyuma ya baiskeli nikarudi Dutwa nikilia njia nzima, nikimfikiria yule maksai. Nilidhani nimelikimbia jembe, kumbe nilikuwa nimeingia nalo studio.

Kesho yake baba akabeba redio kaseti mpaka shambani, akaiweka juu ya tuta. Kikundi cha majirani kilikuwa tayari kinapalilia. Nikamsihi asiiwashe.

"Maji tumeshayavulia nguo," akasema, akabonyeza.

Sauti yangu ikatoka, ikafika kwenye pengo la kwanza. Kimya. La pili, majembe tu, kila mtu kwa wakati wake. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kwenda kuizima ile redio.

Pengo la tatu, mayu akaitikia. Hakuinua hata kichwa. Kikundi chote kikamfuata, na majembe yakaanza kushuka pamoja. Wakaitikia wimbo wa kwanza, wa pili, mpaka upande mzima ukaisha na baba akaenda kugeuza kanda.

Mayu akaja nilipokuwa nimesimama. Akajifuta jasho kwa upindo wa kanga, akaitazama redio, kisha akanitazama mimi.

"Ng'wana wane," yaani mwanangu, akasema, neno lake la kwanza kwangu tangu maksai aondoke, "umetuachia nafasi ndogo. Sisi tuko wengi."

Nikalia pale pale katikati ya pamba. Akanisukuma bega, akanipa jembe.

"Lima. Upande wa pili unaanza."