Tuta la Yuliana Lililokataa Kukaa Shuleni

Diwani wetu, Yuliana, ni mpwa wangu, na kama mnaona ana akili, basi mjue zimetoka kwa mama yake, yaani kwetu, yaani kwangu. Mie nimesoma mpaka la sita; la saba lilinisubiri wee, halikuniona. Lakini Yuliana akitaka kuandika barua ya kwenda manispaa huja kwenye kibanda changu cha vinyago hapa Madale, huketi juu ya gogo la mpingo, akanisomea. Mie nasema, "Hapo kaza kidogo," naye anakaza. Barua zote kali zilizowahi kutoka kata hii nimezikaza mie.

Msimwone mfupi. Kabla ya udiwani alikuwa fundi cherehani, na ile futi ya kupimia nguo hajaivua shingoni mpaka leo. Mtaro ukiziba, anapima. Majirani wakigombania mpaka, anapima ukuta, halafu anawapima wao kwa macho. Kuna msiba mmoja alionekana anapima turubai, na kweli lilikuwa dogo.

Sasa ishu yenyewe. Mwezi wa tatu bodaboda ilimgonga Afrah, mtoto wa darasa la pili, akivuka kwenda shule. Mguu ukavunjika. Barabara yetu ni ya changarawe na inateremka mlima, na pale shuleni ndipo kila dereva anapokumbuka kwamba chombo chake kina gia nyingine. Yuliana akaenda hospitali, akamkuta mtoto amefungwa plasta mpaka kwenye paja.

"Shangazi diwani," Afrah akamwuliza, "nikirudi shule, zile pikipiki zitakuwa bado zinakimbia?"

"Utakuta tuta," Yuliana akasema.

Akawa ameahidi. Na mie namjua huyu mtu. Alipokuwa mdogo nilimtania meno, akaahidi hatanisemesha wiki nzima. Akaimaliza wiki, akaongeza siku mbili.

Ofisi ya barabara ilimjibu kwa adabu kwamba ombi limepokelewa. Yuliana hakungoja. Alitafuta lori la kifusi, na Jumamosi moja tukatoka na majembe, tukajenga tuta mbele ya geti la shule. Wapo wanaosema mie nilikaa kivulini. Nilikuwa nasimamia.

Jumatatu ikaenda vizuri. Magari yalinyata, watoto wakavuka kwa maringo kama maharusi. Tatizo likawa Mzee Nassibu. Huyu anauza karanga hapo getini, na karanga zake zilikuwaga zinarudi nyumbani jioni kama zilivyotoka asubuhi. Siku hiyo kila gari lililopanda tuta, abiria alichungulia dirishani, akaona karanga, akanunua. Kufika saa nne Mzee Nassibu alikuwa anapita mtaani na kapu tupu, anasalimia hata watu asiowajua.

Tulimwona wote.

Jumanne asubuhi tuta lilikuwa mbele ya vitumbua vya Bi Bahiya.

Yuliana alifika mbio, futi inapepea shingoni.

"Shikamoo, Bi Bahiya."

"Marahaba, mwanangu. Nikupe kitumbua?"

"Sitaki kitumbua. Hili tuta limefikaje hapa?"

"Hata mie nimeshangaa," akasema Bi Bahiya, huku anageuza kitumbua chake polepole. "Nimeamka nimelikuta. Nikasema labda serikali imenikumbuka."

Yuliana akapima. Futi ikachoka, akamalizia kwa miguu: hatua mia na kumi kutoka getini.

"Limetembea hatua mia na kumi?"

"Mlima huu, mwanangu. Vitu vinateremka."

"Bi Bahiya, hapa kwako ni juu kuliko shuleni."

Bi Bahiya akamtazama, akatazama mlima, akasema, "Basi chukua viwili."

Jioni vijana wakalirudisha. Jumatano likaamkia kwenye duka la Jaffar. Alipoulizwa, Jaffar aliweka mkono kifuani kama anakula kiapo. "Mheshimiwa, babu yangu alikuwa na duka, baba yangu alikuwa na duka, mie nina duka. Sie mzigo unaletwaga mlangoni. Nimeona kifusi mlangoni, nikadhani kuna mtu kaagiza."

Likarudishwa tena. Halafu Alhamisi.

Alhamisi sitaki kuizungusha. Lilikuwa mbele ya kibanda changu. Lakini nyie mnaonicheka, fikirini kwanza. Kitumbua mtu anakitambua hata akiwa kwenye mwendo wa kasi. Kinyago kinataka utulivu. Ukipita mbio, binadamu wangu saba waliobebana unawaona kama gogo lenye uvimbe. Kwa haki, tuta lilikuwa langu tangu mwanzo.

"Shikamoo, mjomba," Yuliana akasema.

"Marahaba, mama. Mbona umekonda?"

"Toroli lako liko wapi?"

"Nimeliazimisha."

"Kwa nani?"

"Sikumfahamu vizuri."

Akainama. Toroli langu lina gurudumu bovu, likitembea linaacha alama kama nyoka aliyelewa. Nyoka yule alitoka kwenye tuta, akazunguka kibanda, akaingia chini ya gunia ambalo lilikuwa na umbo la toroli kabisa.

Nilijiandaa kwa makelele. Nina majibu matatu ya makelele, yote yamenyooka. Lakini Yuliana hakupiga kelele. Aliketi juu ya gogo la mpingo, akavua viatu, vumbi limemfika magotini. Ndipo nikaona kitenge chekundu mkononi mwake.

"Hiki cha nini?"

"Ndicho tuta," akasema. "Tangu Jumanne nasimama barabarani asubuhi, nasimamisha magari kwa kitenge, watoto wavuke. Mjomba, Afrah anarudi shule Jumatatu."

"Si utasimama?"

"Jumatatu ni baraza la madiwani. Wanajadili barabara. Nisipokuwepo kuomba matuta ya kweli na vibao, kata yetu inarukwa mpaka kikao kingine, miezi mitatu. Siwezi kuwa tuta na diwani siku moja."

Nikajifanya napiga msasa.

"Niambie kweli tu," akasema. "Kwa nini mmeliiba?"

"Kuazima, siyo kuiba. Ni wateja, mwanangu. Hapa watu wanapita. Pale kwenye tuta ndipo wanaposimama."

Akavaa viatu, akavuta futi yake shingoni, akaondoka bila kuaga. Nikajua anaenda polisi. Nikaanza kufikiria nani atanilishia kuku.

Kumbe alienda shule. Alimwomba Mwalimu Jonas, mkuu wa shule, ndoo ya chokaa, akapima kando ya ukuta, mbali na barabara, mita tatu tatu, akaandika majina chini kwa chokaa: NASSIBU. BAHIYA. JAFFAR. La mwisho: MJOMBA. Ijumaa akatuita wote pale.

"Mnalitaka tuta," akasema. "Mnaona linapotakiwa kukaa. Lifuateni nyie, liacheni kuwafuata. Nafasi zenu hizi. Geti libaki wazi, na atakayesogea hata inchi moja, nitajua."

Bi Bahiya akauliza, "Mimi mbona niko wa pili?"

"Kwa sababu wa kwanza alikuwepo kabla yako."

"Mie duka nitalibebaje?" Jaffar akasema.

"Lete meza na soda. Duka libaki na mkeo, si ndiye anayeliendeshaga?"

Watu wakacheka mpaka Jaffar naye akacheka. Bi Bahiya akanigeukia mie. "Na wewe, asubuhi yote hii nani atanunua hayo mashetani yako?"

"Wanaokula vitumbua vyako," nikamwambia. "Wakishaviona hivyo, haya yangu hayawatishi."

Jumapili hakuna aliyetumwa. Alfajiri nilitoka na toroli langu la nyoka aliyelewa, nikakuta Jaffar na wenzake wameshaanza, Bi Bahiya anabeba matofali kwa ungo. Tuta likarudi shuleni mchana kweupe, watu wanaimba. Ila kila mtu aliongeza kifusi kidogo upande wa biashara yake. Mie nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, nikaongeza zaidi kidogo, ili gari lisimame hadi lione kinyago vizuri.

Jumatatu Yuliana akaenda barazani na gauni lililopigwa pasi. Saa moja Afrah akaja na magongo, mama yake kamshika bega. Lori la mchanga likateremka mlima linapiga honi, nikashika kile kitenge chekundu alichoniachia Yuliana. Sikukihitaji. Dereva aliliona tuta, akakanyaga breki, lori likapiga chafya, likasimama.

Afrah akaingia barabarani. Gongo, mguu. Gongo, mguu.

"Bi mdogo, changamka!" dereva akapaza sauti.

Afrah akasimama katikati, akamtazama. "Mguu wangu ulivunjikia hapa. Subiri."

Akasubiri. Angefanyaje? Bi Bahiya alikuwa ameshapanda ngazi ya lori na sahani, anamwambia, "Mtoto anavuka, baba, wewe kula." Afrah alipofika getini alikuwa anacheka, dereva ana kitumbua mdomoni na cha pili mkononi. Kinyago hakununua, lakini alikitazama sana.

Mchana Yuliana akarudi na bajaji, ameshika karatasi: matuta mawili na vibao, vimeingizwa kwenye mpango. Bajaji ikapanda tuta letu, ikafika juu, ikakaa hapohapo na tumbo lake, magurudumu yanazunguka hewani kama mende aliyegeuzwa.

Mheshimiwa akateremka. Akalizunguka tuta. Akavua futi, akapima, akapima tena.

"Nani ameliinua hivi?"

Nikageuka niwaonyeshe. Kumbe wote walikuwa wameshaninyooshea mie vidole, hata Afrah, kwa gongo.

"Mjomba," akasema Yuliana, "leta toroli."

Nikalipunguza tuta jioni ile, peke yangu, na safari hii kivulini alikaa yeye, anasimamia. Nililipunguza pande zote sawasawa, kama alivyoagiza. Upande wa Bi Bahiya, sawasawa zaidi kidogo.