Akaunti Moja, Simu Mbili

Siku Taufiq alipoondoka Mambrui kwenda Doha, alimwachia mkewe, Shahida, simu mpya, na kwa haraka ya safari akaifungua kwa akaunti yake mwenyewe. Wanaume wa kwetu ndivyo walivyo, wakinunua kitu hukitia majina yao kwanza. Shahida hakulijali hilo mpaka picha zilipoanza kumjia.

Zilikuja zenyewe, hakuna aliyezituma. Chumba chenye vitanda vya ghorofa, wanaume sita, nguo zimetundikwa dirishani. Sahani ya wali mkavu. Mkono wa Taufiq umefungwa bendeji. Na kwa mdomo wake Taufiq husema ana chumba chake peke yake, kazi ni ya ofisini, na kiyoyozi ni kikali mpaka hulala kajifunika blanketi. Shahida humjibu, "Alhamdulillahi," asimtajie zile picha. Alijua akimwambia, atairekebisha simu na picha zitakoma. Naye alikuwa na hamu na mumewe kiasi cha kuipenda hata ile bendeji, kwa kuwa ilikuwa ya kweli.

Hamu hiyo hakupata pa kuisema. Taufiq hupiga Ijumaa baada ya swala, simu ikawekwa spika katikati ya mkeka, mbele ya mama mkwe, Bi Mastura. Salamu huanzia kwa mama, zikaizunguka nyumba nzima. Ikifika zamu ya mke, mke mwenye haya zake atasema nini? "Hatujambo. Usiwe na wasiwasi nasi."

Ijumaa moja Taufiq alieleza kwamba mkataba wake unakwisha, na mwajiri amtaka atie saini miaka miwili mingine. "Mwaonaje?" aliuliza. Bi Mastura aliinamia mkeka. Shahida akasema, "Wewe ndiwe uijuaye kazi yako." Kisha akaenda jikoni akalia, akasingizia moshi.

Asubuhi alikuwa akienda Malindi kujifunza kompyuta, maana kukaa nyumbani kungemtia wazimu. Wiki hiyo mwalimu Nzai alifundisha habari za mtandao.

"Watu husema picha zao zimehifadhiwa mawinguni," alisema. "Msitazame juu. Ni kompyuta za wenyewe, zimejazana kwenye majumba makubwa nchi za mbali. Simu yako hupeleka picha kwa mnara, mnara ukaitia kwenye waya, na waya hupita chini ya bahari mpaka huko. Simu yoyote iliyofunguliwa kwa akaunti ileile huletewa picha hiyo."

Shahida aliinua mkono. "Mwalimu, kama ni simu mbili kwa akaunti moja, na yangu yaona picha za mwenzangu, yake je?"

"Nayo yaona zako, dada. Na ukifuta huku, na kule zafutika."

Alikuwa amejipiga picha nyingi akiwa amevaa kanzu ya Taufiq, amekaa upande wa mumewe kitandani, mikono ya kanzu imempita vidole, macho mekundu. Hakuzipiga ili zionwe. Kumbe miezi yote hiyo Taufiq akiziona, na kila Ijumaa akimsikia mwanamke huyohuyo akisema hatujambo. Masikio yalimwaka kwa aibu. Alizifungua azifute, kisha akakumbuka kwamba na Taufiq zitampotea, akaziacha.

Njia nzima ya kurudi Mambrui alijiuliza swali moja. Kama Taufiq amekwisha kuona, kwa nini aliuliza mwaonaje? Jibu alilijua kabla hajafika nyumbani, kwamba Taufiq alingoja kulisikia neno kinywani mwake, na likamtisha.

Ijumaa simu ililia. Salamu zikazunguka. "Wanataka jibu langu Jumapili," alisema Taufiq.

"Usitie saini," alisema Shahida. "Nina hamu nawe. Nimechoka kusema hatujambo. Rudi nyumbani, Taufiq."

Kimya. Sauti ina safari ndefu, alijiambia, lakini kimya kile kilizidi safari yoyote. Hakuthubutu kumtazama mama mkwe.

Bi Mastura aliisukuma simu mpaka magotini pa Shahida. "Mwambie tena, mwanangu," alisema. "Huenda hakusikia."

Shahida alirudia, na machozi hayakusingiziwa kitu.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza," alisema Taufiq. "Sitii saini. Nilitaka uiseme tena."