Fimbo ya Mama Sikio

Barabara haijaanza kelele. Mwanamke wa miaka hamsini na minne amepiga magoti mbele ya duka la nguo, sikio lake la kulia limeegemea kikombe cha mbao kilichofungwa juu ya fimbo ya chuma. Ncha ya fimbo imegusa bomba la maji. Mlinzi wa duka anamtazama kama mtu aliyerukwa na akili.

“Nyamaza kidogo, baba,” anamwambia mlinzi, ambaye wala hajafungua mdomo.

Wenzake wa idara ya maji humwita Mama Sikio. Kwa miaka thelathini kazi yake imekuwa kutafuta mabomba yanayovuja chini ya lami. Begani amening’iniza mashine yenye skrini, na hiyo ndiyo itakayoamua pa kuchimba. Lakini kwanza lazima aanze na fimbo ya marehemu baba yake.

“Wananicheka, eti naongea na mzee. Naongea naye, ndiyo! Nikiishika hii najua yupo. Kuthibitisha siwezi, na usiniulize anajibu vipi.”

Asidhaniwe kuwa anaidharau mashine. Kuna mwaka roho ilimtuma kwenye njia panda moja, akakataa kungoja vipimo. Walivunja lami asubuhi nzima, wakakuta udongo mkavu kama unga. Madereva waliokwama kwenye foleni wakamtolea matusi ya kila aina.

“Niliona aibu, nikatamani shimo lile linimeze. Tangu siku hiyo tumeelewana. Roho inaniambia pa kuulizia, mashine inanijibu.”

Baba yake alikuwa fundi wa idara hiyohiyo, na ndiye aliyemfundisha. Siku ya kwanza kushika fimbo, binti aliruka kwa furaha: “Baba, nimeyasikia!” Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Alichosikia binti kilikuwa damu yake mwenyewe ikipiga sikioni, kosa la kila anayeanza kazi hii.

“Akaniambia, mwanangu, maji yanayovuja hayapumziki. Moyo hupumzika kidogo, kisha unaendelea. Basi nikajua.”

Anasimulia taratibu, huku akipapasa kikombe kilichong’arishwa na mashavu ya watu wawili. Kicheko kile, anasema, angetoa chochote akisikie tena.

Sasa sikio lenyewe linamtupa mkono. Daktari amelipima: usikivu wake unapungua, na hautarudi. La kushoto lilishaondoka zamani. Mwakani atahamishiwa ofisini.

“Nililia chooni hospitalini. Ofisini nitasikiliza nini? Feni?”

Mashine inaonyesha maji yanavuja mita mbili kushoto kwa pale alipopiga magoti. Anachora alama ya chaki hapohapo, bila ubishi, kisha anaanza kufuta vumbi kwenye fimbo.

Binti yake ana mimba ya miezi minane. Hospitali wamepima, mapigo ya mtoto ni mazuri, na picha ya mtoto iliyopigwa na mashine ya hospitali amemtumia mama kwenye simu. Hata hivyo, Jumapili Mama Sikio atakwenda kwake, atakifungua kikombe kutoka kwenye fimbo na kukiweka juu ya tumbo.

“Mashine imesema mtoto mzima, nami naiamini,” anasema. “Lakini miaka yote hii nimesikiliza kisichopumzika. Kabla sikio halijafunga duka, nataka nisikie kinachopumzika kidogo, kisha kinaendelea. Na mzee naye asikie.”