Setilaiti ya Pembeni

Fundi wa dishi haamini jicho lake. Anaamini nati aliyoining'iniza kwa uzi, apimie kama mlingoti umesimama wima. Mota ilipogeuza dishi hadi setilaiti ya katikati ya anga, picha ikaja, tukapiga makofi. Yeye akasonya. "Ya katikati hata mlingoti mlevi huipata, mama. Tuone ya pembeni."

Stesheni ya kwao mama mkwe ilikuwa hukohuko pembeni, na lugha yake humu ndani anaijua mwanawe tu, naye hurudi kutoka kazini amechoka kusema. Skrini ikabaki nyeusi. Huko juu ya paa, nikimwona kutoka mlangoni, fundi akalegeza vyote alivyokaza, akausukuma mlingoti kwa kidole gumba, kidogo mno nikadhani anafuta vumbi. Mtangazaji akasalimu. Mama mkwe akaitikia kwa sauti.

"Imekuja?" fundi akauliza kutoka juu ya paa.

"Huwasikii wanavyoongea?" nikamjibu.

Akakaza nati za mlingoti polepole, asije akamkata mama mkwe kauli.