Chupa Niliyoitikisa Salale

Ukitaka kujua ilikuwa mwaka gani, mwanangu, usiniulize tarakimu. Ulikuwa mwaka tuliokula kamba kwa muhogo mkavu asubuhi, mchana na jioni, maana maji ya chumvi yaliingia kwenye mashamba ya kwetu Salale, kule deltani, na mpunga wote ukafa umesimama. Kamba tele, wali hakuna. Watoto walikuwa wakiona kamba wanalia. Wewe leo huko hotelini Dar unawapangia wageni kamba watatu kwenye sahani kubwa kama sinia, nao wanapiga picha. Sisi tuliwachoka.

Nimeanzia huko kwa sababu ya ujumbe wako wa sauti. Umesema, "Bibi, mbona umemfukuza mtu wa watu?" Sikumfukuza. Siku ya Jumanne baba yako Rajabu alimleta yule bwana wa Dar anayelitaka shamba letu la mikorosho hapa Kibiti. Nikamkaribisha, nikampa chai na vitumbua, nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia: "Siuzi. Maliza chai yako, vaa viatu, uende salama." Hayo tu. Wewe unasema fungu lako lingekutoa kimaisha. Basi kwa kuwa kazi yako ni kumimina mvinyo wa wageni, na kwa kazi hiyo nakuombea dua kila sala, nitakujibu kwa habari ya mvinyo. Usishtuke. Bibi yako hajaonja hata tone.

Mwaka ule wa kamba nilikuwa nimeachika, baba yako yuko mgongoni, nikapata kazi ya kupika kwa Mfaransa mmoja pale Salale. Jina lake Lui. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mikoko na kupima matope, na alilipwa kwa hilo. Sisi tuliozaliwa ndani ya matope hayohayo hatujapata hata asante. Alikuwa mrefu, mpole, anagonga kichwa mlangoni kila siku, na kila siku anashangaa.

Nyuma ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani mle, alikuwa na chupa moja ameilaza kwenye mchanga. Ina vumbi, karatasi yake imegeuka manjano. Akaniambia, "Mwanahawa, hii usiiguse. Wewe ni Mwislamu, sitaki kukutia dhambini." Nikaona amesema vizuri. Lakini kila nikichota maji naiona, inanikera. Mie sikulelewa kuacha kitu na vumbi. Na chupa gani inalazwa kama mgonjwa?

Siku moja akasema dada yake anafika kesho kutoka Ufaransa, nisafishe nyumba. Alisema nyumba. Mie nikasafisha mpaka chupa.

Niliisugua kwa jivu na makumbi ya nazi. Karatasi ikatoka yote, kioo kikang'aa, nikafurahi. Nikaiinua juani, ndipo nikaona chini pamelala matope meusi. Sasa sikiliza ujinga wa mtu aliyeishia darasa la nne akajiona profesa. Nilikuwa nimesoma kwenye chupa ya dawa ya kikohozi ya baba yako: tikisa kabla ya kutumia. Nikaitikisa. Nikaitikisa kwa mikono miwili mpaka matope yote yakapotea. Nikaisimamisha dirishani penye jua, na ua nikaliweka pembeni.

Dada mtu akafika kwa boti kutoka Nyamisati, mama mtu mzima, amelowa mpaka kiunoni, anacheka. Lui akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja nyuma ya mtungi. Mchanga mtupu.

"Mwanahawa! Chupa iko wapi?"

"Hiyo hapo dirishani, bwana. Nimekuoshea. Na nimeitikisa."

Akakaa chini. Si kitini, sakafuni. Dada yake akaichukua, akapitisha kidole pale palipokuwa na karatasi, akacheka kicheko kisicho na furaha. Nikasema moyoni, leo kazi sina.

Lui hakunifukuza. Akanieleza palepale sakafuni. Mvinyo ule ulitoka kwenye shamba lao la mizabibu, na baba yao aliutengeneza msimu wake wa mwisho kabla hajafa. Karatasi aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umelala zaidi ya miaka ishirini. Chupa nyingine zote zilikwisha, ikabaki hiyo moja, naye na dada yake wakaahidiana hawatainywa ila wakiwa pamoja.

"Uliyoyaona chini ni mashapo," akasema. "Mvinyo ukizeeka yanatua yenyewe, taratibu. Ukiutikisa ni kama kunywa masizi."

"Sasa tufanye nini, bwana?"

"Tungoje. Mvinyo ukipenda kutulia, utatulia."

Dada mtu alikuwa na siku saba tu. Siku hizo saba, mwanangu, nilitembea mle ndani kwa ncha za vidole. Kutwanga nilikwenda kutwangia kwa jirani. Baba yako akilia, namtoa nje. Jirani akaniuliza, "Mwanahawa, huko kwako kuna mgonjwa?" Nikamjibu, "Yupo. Chupa."

Siku ya saba, adhuhuri, boti inangoja, Lui akaifungua chupa. Alimimina polepole, amewasha mshumaa mchana kweupe nyuma ya shingo ya chupa ili ayaone mashapo yakija. Yalipokaribia shingoni akaacha. Nilidhani utakuwa mwekundu kama juisi ya choya. Kumbe pembeni ya glasi una rangi ya tofali lililoiva. Kunusa si kunywa, nikanusa. Ngozi ya kiatu, majani makavu, na udongo ukipata mvua ya kwanza. Dada mtu akanywa funda moja, akafumba macho, akasema neno. Lui akanitafsiria, "Anasema ni ghala la baba."

Mdomo wangu unaujua. Nikauliza, "Sasa si mwende kwenu mkalinuse ghala lenyewe?"

Wakatazamana. Ndipo nikaambiwa yaliyobaki. Walizaliwa wanne. Baba alipokwisha kuzikwa, kaka yao mkubwa akasema mizabibu imezeeka, udongo ni udongo, kila mtu achukue fungu lake aende. Mnunuzi alikaa jikoni kwa mama yao akinywa kahawa yao, na wote wanne wakatia saini, Lui na dada yake wakiwamo. Tangu hapo yule mnunuzi anauza mvinyo kwa jina la ukoo wao, na picha ya nyumba yao kaibandika kwenye chupa.

"Mwaka jana nilikwenda," Lui akasema. "Getini wakanikatia tiketi. Msichana mmoja akatutembeza, mimi na wageni wengine, akanionyesha chumba nilichozaliwa."

Nikaomba radhi tena kwa ile karatasi. Dada mtu akanishika bega, akasema, naye Lui akatafsiri: "Kosa lako limetulia kwa siku saba. Letu mpaka leo halijatulia." Akapanda boti akaenda zake. Sikumwona tena.

Sasa rudi hapa barazani kwangu, siku ile ya Jumanne. Yule bwana kashika kikombe changu, na baba yako anasema nini? "Mama, mikorosho imezeeka. Udongo ni udongo." Wallahi! Maneno yaleyale, ila kwa Kiswahili.

Imezeeka, kweli. Nami nimezeeka, mbona mie hamjaniuza? Aliipanda mama yangu tulipohamia huku, na maji ya kuinyweshea niliyabeba mie kichwani. Pandeni mingine katikati yake. Na mama mwenyewe amelala mle, kwenye mpaka wa kusini. Siku nikitaka kwenda kumsomea Yasini, nani atanikatia tiketi?

Neno langu ni hili, Hamisi. Ukikuta kitu cha watu kimetulia, uliza kabla hujakitia mkono, hata kama mkono wako ni safi. Wangu ulikuwa umetoka kwenye jivu. Ukishakosea, usikimbie. Kaa, nyamaza, ngoja, huenda kikatulia. Lakini kuuza mahali pa kurudia si kosa la kungojea. Hilo usilifanye, wala usimshikie mtu kalamu alifanye. Shida yako naijua, sikucheki. Njoo msimu wa korosho tuokote pamoja, tuzungumze tukiwa tumeinama.

Mungu akupe riziki isiyokutoa kwenu. Akutulize mkono unapomimina na unapotia saini. Akupe watoto watakaoingia shamba lile bila kupiga hodi.

Yule bwana ametuma salamu kuwa Ijumaa baada ya sala atapita tena. Apite. Chai itakuwapo, na vitumbua nitapika. Nitamsikiliza mpaka mwisho, kisha nitamwambia: "Siuzi. Maliza chai yako, vaa viatu, uende salama."